Nani Anauliza, na Yuko Wapi?

Mhadhara kuhusu maneno ya utafutaji na tovuti za kamisheni



Nimeombwa nizungumzie namna mtu anavyochagua maneno ya kujengea tovuti inayoishi kwa kamisheni. Nitaanza na namba, maana najua wengi wenu mmeijia hiyo. Unafungua programu ya kutafiti maneno, unaandika “Kilimanjaro”, inakumwagia orodha ndefu, na pembeni ya kila neno pana idadi ya mara ambazo linatafutwa kwa mwezi. Macho yanakimbilia idadi kubwa. Mtu anapanga orodha kutoka juu kwenda chini, anaandika kurasa kwa mpangilio huohuo, na mwaka unakwisha hajapata hata hela ya vocha. Jioni hii nataka kwanza tuulize: namba ile ilitengenezwa kwa ajili ya nani?

Mwaka 1998 Bill Gross, mfanyabiashara wa Pasadena, California, alifungua mtambo wa utafutaji ulioitwa GoTo.com. Wazo lake liliwakera wengi wakati ule: matokeo ya utafutaji yapigwe mnada. Ukitaka duka lako litokee juu mtu anapoandika “maua”, unataja bei utakayolipa kwa kila mbofyo, na anayetaja kubwa zaidi anakaa juu. Kampuni ilibadili jina ikawa Overture mwaka 2001, na mwaka 2003 Yahoo ikainunua kwa takriban dola bilioni 1.6. Google nayo ilikuwa imeshafungua soko lake la matangazo, AdWords, Oktoba 2000. Sasa, mnada hauendi kama mnunuzi hajui ukubwa wa shehena, kwa hiyo watangazaji wakawekewa kifaa cha kuwaonyesha kila neno lilitafutwa mara ngapi. Wenye tovuti za kamisheni, ambao hawakuwa wakinunua tangazo lolote, wakakiona, wakakitumia bure.

Hali haijabadilika sana. Keyword Planner ya Google, iliyochukua nafasi ya kifaa cha zamani mwaka 2013, ipo ndani ya akaunti ya matangazo. Usipokuwa mtangazaji anayelipa, mara nyingi hupewa makadirio mapana tu, mathalani 1,000 hadi 10,000, na pengo la hapo katikati ni kubwa mno kwa mtu anayepanga kazi ya miezi sita. Huunganisha maneno yanayofanana na kuyapa namba moja. Idadi yenyewe ni wastani wa miezi 12, kwa hiyo neno linalovuma Desemba na kulala mwaka mzima linaonekana kama lina watu wachache kila mwezi. Halafu kuna ile safu ya ushindani, ambayo imewapotosha wengi. Inapima watangazaji wangapi wanaligombea neno hilo. Haisemi lolote kuhusu ugumu wa ukurasa wako kutokea juu pasipo tangazo. Nimeona watu wazima wakikwepa maneno mazuri kwa sababu safu hiyo iliwaambia “juu”, kumbe ilikuwa inawaambia kwamba wenye maduka wako tayari kulipa, yaani kuna fedha hapo.

Kazi yenyewe tunaijua sote kwa sura nyingine. Dalali wa nyumba pale Sinza hana nyumba. Anamkutanisha mwenye haja na mwenye mali, kisha analipwa, kwa desturi kodi ya mwezi mmoja. Amazon ilianza kuwalipa madalali wa intaneti Julai 1996: unaweka kiungo chenye utambulisho wako, msomaji akibofya akanunua, unapata asilimia yako. Lakini dalali wa Sinza humtazama mteja usoni, akajua huyu anazungukazunguka tu na huyu ameshaweka godoro kwenye kirikuu. Wewe humwoni mtu. Unachokiona ni maneno aliyoyaandika kwenye kisanduku cha utafutaji, na ndiyo maana inakubidi uyasome kwa makini kuliko unavyoisoma namba iliyo pembeni yake.

Na muda ni mfupi. Kwa Amazon, kiungo chako kinahesabika kwa saa 24 tangu mtu abofye. Aliyeamua leo atanunua leo. Anayeota kusafiri mwakani atarudi baadaye kwa mlango mwingine, nawe hutaandikiwa kitu. Viwango navyo haviko mikononi mwako: Aprili 2020 Amazon ilishusha kamisheni ya samani kutoka asilimia 8 hadi 3, na ya vyakula kutoka 5 hadi 1. Aliyekuwa amejenga tovuti nzima juu ya makochi alilala na biashara moja akaamka na nyingine, maneno yakiwa yaleyale na wasomaji walewale.

Mwaka 2002 mtafiti Andrei Broder alichapisha makala yanayotajwa hadi leo, akiwagawa watafutaji katika makundi matatu: wanaotaka kufika kwenye tovuti fulani wanayoijua, wanaotaka kujua jambo, na wanaotaka kutenda jambo, kama kununua au kupakua. Mgawanyo huu ni mzuri, ila mtu wa kamisheni anaishi katika ufa ulio kati ya kundi la pili na la tatu. Huko wapo watu walioshaamua kwamba watanunua, ila hawajajua kipi. Wanalinganisha. Wana wasiwasi. Wanauliza maswali marefu.

Tuchukue mfano halisi wa mahali. Yupo binti anayeishi Moshi, aliyewahi kukaa mapokezi kwenye ofisi ya kupandisha wageni mlimani. Anaujua mlima na, muhimu zaidi, anayajua maswali ya wageni. Anataka tovuti ya vifaa na safari za Kilimanjaro. Akiandika neno “Kilimanjaro” peke yake atakuta idadi ya kutisha. Ndani ya idadi hiyo wamo wanafunzi wanaotaka urefu wa mlima, mita 5,895, wamo wanaotafuta ratiba za uwanja wa ndege, na wamo wanaotafuta bia. Wapandaji wamo pia, wamesongamana humohumo, na hakuna njia ya kuwatenga.

Sasa angalia kosa la kwanza linalofanyika hata na watu makini. Programu imewekwa nchi: Tanzania. Inaonekana sahihi, maana mlima uko Tanzania. Lakini mtu anayenunua mfuko wa kulalia wa baridi kali hayuko Tanzania anapoununua. Yuko Manchester, yuko Denver, yuko München, na anaununua kabla ya kupanda ndege. Wageni wengi hupanda kati ya Januari na katikati ya Machi, halafu Juni hadi Oktoba, mvua za masika zikiwa katikati. Wa Agosti ananunua vifaa Mei au Juni, nyumbani kwake. Kwa hiyo nchi ya kuchagua kwenye programu ni ya mnunuzi, na miezi ya kuangalia ni ya manunuzi. Google Trends, iliyopo tangu 2006, itakuonyesha mawimbi hayo vizuri, mradi ukumbuke kwamba mizani yake ya 0 hadi 100 ni ya kulinganisha tu, haihesabu vichwa. Na kwa kuwa ukurasa mpya huweza kuchukua miezi kabla haujapata nafasi, ukurasa wa kuvuna Mei uandikwe kabla ya Krismasi.

Nchi ya mnunuzi inabadilisha hata maneno. Tochi ya kichwani, ile ya kupandia kileleni usiku wa manane, Mwingereza huitafuta kama “head torch”, Mmarekani kama “headlamp”. Ni kitu kimoja, watu wawili, na duka si moja: mpango wa kamisheni wa Amazon ya Uingereza una usajili wake, wa Ujerumani wake, wa Marekani wake. Kiungo cha Marekani mbele ya msomaji wa Leeds ni kazi ya sadaka.

Tuje kwenye njia za mlima, ambako ndiko kuna utajiri hasa. Marangu ndiyo njia pekee yenye vibanda vya kulala. Kwingine kote ni mahema. Machame huchukua siku sita au saba, Lemosho saba au nane. Rongai huanzia kaskazini, karibu na mpaka wa Kenya, upande unaopata mvua kidogo kuliko kusini. Mtu anayeuliza kama Rongai inafaa mwezi Aprili amekueleza mambo mengi kwa sentensi moja: ameshaamua kupanda, ana likizo ya tarehe fulani asiyoweza kuisogeza, na anaogopa mvua. Programu inaweza kukuonyesha sifuri mbele ya swali hilo. Usiiamini sifuri. Google wenyewe wamesema mara kadhaa kwamba takriban asilimia 15 ya maswali wanayopokea kila siku hawajawahi kuyaona kabla. Programu hukadiria kutokana na yaliyokwishaulizwa sana. Swali refu la mtu mwenye wasiwasi mahususi linaponyoka chini ya wavu.

Tufanye hesabu. Tarakimu hizi nazikisia ili tuone umbo la jambo. Ukurasa wa kwanza unahusu mifuko ya kulalia. Tuseme watu 1,000 hutafuta kwa mwezi, 100 wanafungua ukurasa wako, 20 wanabofya kiungo, na mmoja ananunua mfuko wa dola 150. Kwa asilimia 3 umepata dola 4 na senti 50. Ukurasa wa pili unajibu lile swali la Rongai wakati wa masika. Watu 40 kwa mwezi, 10 wanafungua, na baada ya miezi mitatu mmoja wao anafunga safari ya dola 2,000 na kampuni ya wapandishaji mliyoandikiana mkataba wa asilimia 5. Umepata dola 100. Katika miezi hiyo mitatu ukurasa wa kwanza, wenye umati, umeleta dola 13 na nusu. Badilisheni tarakimu mpendavyo mkifika nyumbani. Mtaona kwamba bei ya kinachouzwa na ukaribu wa mtu na uamuzi vina uzito kuliko wingi wa watafutaji. Ila mkataba huo na kampuni ya safari uwe wa maandishi, na kampuni iwe ile ambayo ungempeleka dada yako.

Kuna namba nyingine ya kuzungumziwa, ile ya ugumu. Ahrefs, mojawapo ya programu za kutafiti maneno, huikokotoa kwa kuangalia tovuti ngapi zimeweka viungo kuelekea kurasa kumi zinazoongoza. Ni kipimo halali cha jambo hilo moja. Hakisomi kilichoandikwa. Kwa hiyo mimi huwaambia watu wafungue matokeo wenyewe na kusoma kurasa zote za mwanzo, kwa mpangilio, kama mtu aliyepo nchi ya mnunuzi. Ikiwa zote ni maduka, watafutaji wanataka duka na makala yako, hata iwe nzuri vipi, haitapata kiti. Ikiwa juu kabisa kuna mamlaka ya hifadhi na kamusi elezo, watu wanataka taarifa tupu. Ikiwa ni orodha za vifaa na milinganisho, hapo pana nafasi, na sasa zisome kama mwenyeji.

Ndipo binti wa Moshi anapoanza kuwazidi wenye tovuti kubwa. Atakuta orodha inayomshauri mgeni afunge nguo kwa mifuko ya plastiki zisilowe, ilhali Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya kubebea ya plastiki tangu tarehe 1 Juni 2019. Atakuta inayomtaka mgeni anunue kila kitu, hata fimbo na mfuko wa kulalia atakaoutumia wiki moja maishani, ilhali Moshi kuna wanaokodisha. Kila upungufu wa namna hiyo ni ukurasa. Ukurasa wa vifaa vya kununua na vya kukodi, ukiwa na picha alizopiga mwenyewe na bei alizoziuliza dukani, hakuna mwandishi wa mbali atakayeuiga bila nauli. Mtaniambia: ukimshauri mgeni akodi, kamisheni ya mfuko umeipoteza. Ndiyo. Ila aliyekuamini kuhusu mfuko atanunua buti kupitia kwako, maana buti hazikodiwi na mtu mwenye akili. Zinavaliwa miezi kabla, ili mguu uzizoee.

Sasa Kiswahili, maana najua kuna mtu amekaa kimya akisubiri. Programu nyingi kwa Kiswahili zina takwimu haba, na lugha yetu inazichanganya. Mtu mmoja ataandika “bei ya simu za Tecno”, wa pili “Tecno bei gani”, wa tatu “nataka kununua simu nzuri ya laki tatu”. Kununua, nunua, ninunue, nikanunue: kichwa cha mtu kina nia moja, programu inaona mistari minne yenye vinamba vidogovidogo. “Jinsi ya” na “namna ya” inazitenganisha. Halafu tunachanganya lugha bila aibu: “jinsi ya kujua simu original”. Dawa yake ni kurundika maneno yote ya nia moja chini ya ukurasa mmoja, na kuyakusanya kwa mkono. Andika mwanzo wa swali kwenye Google ukaangalia linavyokamilishwa, huduma iliyoanza kama jaribio mwaka 2004. Ongeza herufi moja, a, kisha b, kisha ch, uandike kinachojitokeza. Soma maswali chini ya video za mafundi simu. Kaa dukani Kariakoo asubuhi moja usikilize wateja. Huo ni utafiti wa maneno kamili, na hauhitaji usajili wa dola.

Kizuizi kikubwa cha Kiswahili kiko kwenye malipo. Jumia ilifunga shughuli zake Tanzania Novemba 2019, ingawa Kenya ipo. Amazon haina soko lake Afrika Mashariki. Kwa hiyo anayemwandikia mnunuzi wa simu wa Mbeya au Mwanza kwa kawaida inambidi ajitengenezee mpango: anakubaliana na duka, msomaji anataja msimbo wa tovuti akinunua, anapunguziwa kidogo, na kamisheni inaingia kwa simu mwisho wa wiki. Inahitaji daftari na uaminifu wa pande mbili. Lakini kanuni ya maneno ni ileile: aliyeandika “simu nzuri” anatembea tu, aliyeandika modeli mbili na kuuliza ipi inatunza chaji ameshatoa pochi.

Kukuza tovuti ni kazi nyingine kabisa, na hapa mnada wa watangazaji hauhusiki tena. Zamani mwenye tovuti aliona kila neno lililomleta msomaji. Kuanzia 2011 Google ilianza kuyaficha, na kufikia 2013 karibu yote yalikuwa yamefichika. Dirisha lililobaki ni Search Console ya Google: ni bure, inahifadhi data za miezi 16, na inakuonyesha maneno ambayo kurasa zako zilitokea, mara ngapi, nafasi ya ngapi, na wangapi walibofya. Ningekuwa na saa moja tu kwa wiki ya kuishughulikia tovuti, ningeitumia hapo. Tafuta maneno ambayo umeonekana mara nyingi katika nafasi ya 8 hadi 20 bila kubofywa. Mara kwa mara utagundua ukurasa wako wa Machame unatokea kwa swali ambalo hukulijibu, kwa mfano kama mtu wa miaka 60 anaweza kuipanda. Google imekudhania una jibu. Lijibu: kwa aya moja kama ni dogo, kwa ukurasa mpya kama ni kubwa, kisha uunganishe kurasa hizo mbili kwa kiungo. Tovuti inakua hivyo, swali likizaa swali, na baada ya muda orodha ya programu unaiangalia mara chache sana. Utakapokuta kurasa zako mbili zinatokea kwa kupokezana kwa swali lilelile, ziunganishe, maana unajishindanisha mwenyewe.

Mnapaswa pia kujua Google ina historia ndefu na tovuti za aina yetu. Februari 2011 ilileta badiliko lililoitwa Panda, likazizamisha tovuti nyingi zilizokuwa zikifyatua kurasa nyepesi, kila neno na ukurasa wake. Aprili 2021 ikaja na vigezo vya uhakiki wa bidhaa, vikitaka dalili kwamba mwandishi amekishika kitu anachokisifu. Machi 2024 ikaweka sera dhidi ya kurasa zinazozalishwa kwa wingi ili kupanda tu kwenye matokeo, ziwe zimeandikwa na mtu au na mashine. Na Mei 2024, kuanzia Marekani, ikaanza kuweka majibu ya akili mnemba juu ya matokeo. Urefu wa mlima, msimu wa mvua, idadi ya siku za Machame: mtu anajibiwa palepale na hana sababu ya kubofya. Kwa hiyo ongezeni kipimo kimoja mnapochagua neno. Swali likijibika kwa mistari miwili, liacheni, hata likiwa na maelfu ya watafutaji. Wirecutter, tovuti ya kamisheni iliyoanzishwa na Brian Lam mwaka 2011, ilikuwa ikitumia wiki nzima na zaidi kupima kifaa cha aina moja kabla ya kukipendekeza, na Oktoba 2016 New York Times ikainunua kwa takriban dola milioni 30. Sisemi binti wa Moshi atafika huko. Nasema aina ya ukurasa walioununua ni ile inayochukua muda kutengenezwa.

Kuhusu kumwambia msomaji kwamba unalipwa, nitasema haraka. Amazon inakulazimu, mamlaka ya biashara ya Marekani, FTC, inataka ionekane wazi, na sentensi moja kabla ya kiungo cha kwanza inatosha. Sijaona msomaji anayekimbia kwa sababu hiyo.

Kabla hatujaingia, kijana mmoja aliniuliza mlangoni aanze kwa lugha gani, Kiswahili au Kiingereza. Kama unauza mlima, andika kwa lugha ya anayeununua. Kiingereza kwanza, na kama kuna mtu hapa alisomea Kijerumani, afungue matokeo ya Kijerumani leo usiku ahesabu ni kurasa ngapi zimeandikwa na mtu anayeishi chini ya mlima. Kama unauza simu, andika Kiswahili, ila nenda dukani ukakubaliane kamisheni kabla hujaandika ukurasa wa kwanza, na muulize mwenye duka ni modeli zipi tatu ambazo wateja hushindwa kuchagua kati yake. Kurasa zako za mwanzo ziwe hizo. Mwenyekiti, nadhani sasa tunaweza kupokea maswali.